Mguu Uliotangulia

Niliporudi Shinyanga kutoka Uingereza nilikuwa na diploma ya kazi za ustawi wa jamii, koti la sufu lisilofaa kwa jua la kwetu, na tabia ya kuketi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonigharimu zaidi. Watu walidhani nilikwenda ng'ambo kujifunza Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nacho tangu jeshini. Nilikipata Burma kwa kutukanwa. Nilichokwenda kujifunza ni namna ya kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa, kumsikiliza, na kutoondoka na kitu ambacho hakukisema.

Niseme mapema, ili asinisemee mwingine: nilijitengeneza mwenyewe. Baba yangu alikuwa na watoto wengi kuliko ng'ombe, na shule aliiona kuwa mahali pa watoto wasiojua kuchunga. Nilijilipia masomo kwa kupakia pamba kwenye malori, nikajifunza kusoma kwa mwangaza wa moto wa walinzi wa ghala. Hakuna mjomba aliyeniombea nafasi. Kwa hiyo, walipokuja baadaye vijana wenye vyeti vikubwa kuliko changu, wakaniuliza kwa adabu kama kweli wakati ule kulikuwa na kazi ya ustawi, niliwajibu kwamba kazi ile ilikuwapo, na ilikuwa imekaa kwenye kiti mbele yao.

Mwalimu wangu katika hospitali ya huko alikuwa bibi mmoja mwenye miwani, aliyezoea kusema kwamba kazi yetu huanza pale daktari anapoosha mikono yake. Alitupeleka wodini kwa wagonjwa wa kansa. Alitukataza kusimama. Mtu aliyelala, alisema, akimwona mtu aliyesimama anajua kwamba anaharakisha kwenda. Nilijifunza hayo vizuri. Nilijifunza vizuri kuliko Waingereza wenyewe, na bibi yule alisema hivyo mbele ya darasa.

Basi nikarudi na ujuzi wangu wote, na Bwana DC akanikabidhi ufunguo wa jumba la maendeleo, mpira mmoja wa miguu, na vyerehani viwili vya mkono. Kazi yangu, alisema, ni kuwafanya watu wa mji wawe na furaha. Nikauliza kuhusu hospitali. Akasema hospitali ina daktari.

Daktari mwenyewe ndiye aliyeniita. Alikuwa Mhindi mpole, mtu asiye na muda, na alinikuta nikipima kamba za goli. "Wanasema wewe ulisomea kuongea na wagonjwa," alisema. "Ninaye mmoja ambaye hataki kuongea na mimi."

Mgonjwa huyo alikuwa mwanamume wa makamo kutoka vijiji vya upande wa Kagongwa. Ujana wake aliumalizia mashimoni. Alichimba dhahabu Nyarugusu, akachekecha changarawe Maganzo akitafuta almasi, akarudi tena Nyarugusu. Huko jiwe lilimwangukia kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Kidonda kilichotokea hakikupona. Alikifunga majani, akakitia unga wa betri, akakitia mafuta ya kondoo, akaishi nacho miaka kama mtu anavyoishi na mpangaji asiyelipa wala kuhama. Kwao walikiita donda ndugu, kama wanavyoita kila donda lisilosikia dawa. Daktari alikata kipande kidogo akakipeleka Dar es Salaam kupimwa, na jibu likarudi: kansa. Mguu ukatwe juu ya goti, upesi, labda atapona. Mgonjwa akakataa.

Nilimkuta mwisho wa baraza la wodi, maana wenzake walikuwa wamemsogeza huko kwa sababu ya harufu. Mkewe alikuwa uani akikoroga uji, na wote hospitalini walimwita Mama Mapacha, kama mumewe walivyomwita Baba Mapacha, kwa ajili ya watoto wao wawili waliobaki kijijini na shangazi.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Akalitazama koti langu kabla ya kunitazama mimi. "Mwangaluka mhola. Wewe ni padri?"

"Hapana."

"Karani wa mahakama?"

"Hapana."

"Basi umekuja kuninunua. Chukua nyama ya upande huu, ule mwingine umeoza."

Wagonjwa waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu kavaa kondoo mzima, hana haja ya nyama." Nikaenda kuchukua kiti, nikakiweka upande wa kidonda, nikaketi. Mama Mapacha akainua kichwa kutoka kwenye sufuria. "Bwana, koti litashika harufu."

"Litafuliwa," nikasema, ingawa halikuwa koti la kufuliwa.

Nilimwuliza kama anaogopa kisu. Akasema kisu hakiogopi, shimoni aliwahi kuona mtu akikatwa na jiwe bila dawa ya usingizi. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Ndipo akasema lile jambo ambalo daktari, kwa kusimama kwake, hakulisikia.

"Dresa anayenifunga kidonda ameniambia miguu hutupwa shimoni nyuma ya jiko, pamoja na bandeji. Mimi nina zizi, bwana. Baba yangu amelala ndani yake, na babu. Nikifa nitawafikia na mguu mmoja? Wataniuliza, huo mwingine umemwachia nani? Niseme, mbwa wa hospitali?"

"Na ukibaki nao?"

"Utaniua. Najua. Mimi nimekaa na kitu hiki kuliko nilivyokaa na mke wangu."

"Na kinakupenda kuliko ninavyokupenda mimi," Mama Mapacha akasema kutoka uani. "Mimi ningekwisha ondoka."

Nikamwambia jina la ugonjwa wake. Ofisini walikuwepo watu, Wazungu na Waafrika, walioniambia baadaye kwamba ilikuwa ukatili, kwamba mtu wa shamba haambiwi. Mimi nilisema mtu aliyeingia chini ya ardhi na mshumaa anaweza kuambiwa. Nikamwambia kwamba hilo si donda tu, ni kitu kinachokula na kupanda, na kwamba kikifika kinenani hakuna wa kukikata. Alisikiliza. Akauliza, "Wewe ungefanyaje?" Nikamwambia ningekata. Akauliza tena, "Na mguu?" Hapo nikamwahidi kwamba mguu utarudi kwao, ukazikwe zizini.

"Ukirudi," akasema, "kateni."

Ahadi hiyo ilinipeleka boma. Bwana DC alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kiko chake. "Serikali haibebi miguu," alisema.

Nikamwambia kwamba serikali iliwahi kubeba meza ya biliadi kwa lori la serikali kutoka pwani hadi kilabu ya wazungu, na mguu ni mwepesi zaidi. Alicheka, na kwa kucheka kwake akawa ameshindwa. Aliruhusu mguu utoke hospitalini, lakini si kwa gari lake. Nimesikia watu wakisimulia kwamba siku zile Mwafrika hakuweza kumjibu DC. Wao hawakuweza.

Nilimwita kaka mkubwa wa mgonjwa, akaja na baiskeli. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu, wa aina inayokubali kila kitu kabla hujamaliza kukisema. Mguu ulikatwa asubuhi. Fundi seremala wa hospitali alitia bati ndani ya sanduku la chai, daktari akamwaga dawa ya kuzuia kuoza, tukapigilia misumari. Kabla kaka hajalifunga sanduku kwenye keria ya baiskeli, nilimsimamisha mbele ya daktari, dresa na Mama Mapacha, nikasema kwa Kisukuma, ili asije akasema hakuelewa Kiswahili cha mjini:

"Ndugu yako yu hai. Amelala kule ndani. Huu ni mguu tu."

"Nimeelewa, bwana. Mguu tu."

"Ukiulizwa, sema hivyo."

"Nitasema. Mguu tu."

Mama Mapacha akaamua kwenda pia, yeye kwa lori, ili awepo mtu wa nyumbani wakati wa kuuweka na awaone watoto. Alimwambia mumewe, ambaye bado alikuwa na usingizi wa dawa, "Naupeleka, narudi." Alibeba sufuria yake, akaacha kijiko na sahani chini ya kitanda, kama mtu anayerudi.

Hakurudi.

Mwanzoni Baba Mapacha hakuhangaika. Alisema mvua imeanza, mtama haujipalilii. Kisiki kilipona vizuri, daktari akakisifu mbele ya wageni kama kwamba alikiumba yeye. Mimi nilimtafutia seremala wa kumchongea magongo mawili, nikamfundisha kutembea kwenye ukumbi wa jumba la maendeleo, kati ya meza za kuchezea bao na vyerehani. Akina mama waliokuja kushona walimpigia makofi akifika ukutani. Nilimpatia pia kazi. Mzee mmoja pale sokoni alikuwa akitengeneza katambuga, viatu vya mpira wa gari, nikamwomba amfundishe. Jozi yake ya kwanza ilitoka miguu yote ya kulia, kwa kuwa alipima kwa mguu wake.

"Fundi," mteja akamwambia, "na mwenzake?"

"Mwenzake amezikwa," akajibu. Kicheko chake kilisikika mpaka mtaa wa Wahindi.

Huo ndio wakati nilioupenda katika kazi yangu yote. Nilikuwa nimemchukua mtu mwisho wa baraza, nimemrudisha katikati ya watu. Nilifanya hivyo bila bajeti, bila msaidizi, bila mtu wa kumwiga. Kilichobaki kilikuwa kumpeleka kwake, na hapo ndipo watu wa kwao waliponionyesha kazi yao.

Safari hii nilipewa gari. Mtu mzima, alisema Bwana DC, ni mzigo halali wa serikali. Tulipofika Kagongwa tukasimama kununua chakula, na mwanamke mmoja aliyeuza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akaja na kikapu kwenye dirisha. Baba Mapacha akamtambua, walikuwa majirani.

"Mayu, mwangaluka."

Mwanamke hakuitikia. Aliweka kikapu chini polepole, akamwuliza dereva, si yeye, "Huyu mnampeleka wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Kwake kulikwisha kufagiliwa," akasema, akaokota kikapu chake akaenda.

Dereva alidhani ana wazimu. Baba Mapacha alishika magongo yake, akayalaza mapajani, akayashika tena.

Kijijini tulishuka karibu na zizi. Nilikuwa nikitazamia kaburi dogo, la urefu wa mguu. Lililokuwepo lilikuwa la urefu wa mtu. Lilikuwa limepangwa mawe vizuri pembeni ya baba na babu, na majani yalikuwa yamekwisha kuota juu yake.

Watu wakaja wakasimama mbali. Aliyekuja karibu alikuwa mtani wa ukoo wao, mtu ambaye kazi yake misibani ni kusema yasiyosemeka. Akamzunguka Baba Mapacha kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Marehemu, umesahau nini? Kama umefuata mguu, ungetuma mtoto."

Hakuna aliyecheka isipokuwa marehemu mwenyewe. "Nimekuja kuona kama mlinichimbia vizuri," akasema.

"Tulikuchimbia kwa heshima. Mimi niliingia nikalala nikajaribu. Panakutosha."

Kisha kaka yake akaja, na sauti ile ya taratibu. Aliniamkia mimi kwanza, kwa sababu ya gari. Alisema sanduku lilipofika wazee walimwuliza ndani kuna nini, naye akasema mguu tu, kama nilivyomwagiza. Lakini wazee wakasema zizini neno "tu" haliingii. Kinachozikwa zizini ni mwenye mji. Hakuna kaburi la nusu mtu. Ukilichimba, umeita nusu ya pili. Kwa hiyo wakachimba kamili, wakalia kamili, wakanyoa vichwa. Na waliokwisha nyoa, alisema, wanagawana, na mjane anatafutiwa mtu wa kumtunza.

"Nani alimtunza?" nikauliza.

"Ndiyo kazi ya kaka," akasema.

Mimi ni Msukuma. Nilizaliwa kwenye nyumba ya nyasi kama ya kwao, nimechunga, nimelala mazishini, nimekula nyama za matanga. Sijasikia desturi hiyo kokote, si kabla wala baada ya siku ile. Nawaambia wanaoandika vitabu vya mila zetu wasiiandike. Desturi ile ilizaliwa siku sanduku la chai lilipoingia kijijini, na mama yake alikuwa ng'ombe wa Baba Mapacha, aliowanunua kwa dhahabu ya Nyarugusu na ambao kaka yake alikuwa amewatazama miaka yote akikamua maziwa yasiyo yake.

Wako walioniambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mguu ungetupwa shimoni nyuma ya jiko haya yasingetokea. Sikubali. Mguu ungetupwa, mtu asingekatwa. Nilimpa mtu alichokiomba. Kama ndugu zake waligeuza zawadi kuwa kaburi, walaumiwe ndugu.

Nilidai tuketi. Mwanangwa, kiongozi wa kijiji, akaitwa, na wazee wakakaa kwenye vigoda mbele ya nyumba. Nilisema yote niliyopaswa kusema na zaidi. Nilitaja sheria, nilimtaja mtemi, nilitaja boma. Mwanangwa alikuwa mtu wa haki kwa namna ya kwao; hakutaka kumfukuza mtu mzima mwenye pumzi. Akasema aliyeliliwa anaweza kurudishwa. Achinjwe ng'ombe wa kufuta machozi, watu wale nyama, jina lake litajwe tena. Lakini ng'ombe huyo atoke katika zizi la mwenyewe.

"Ng'ombe wake wako wapi?" nikauliza.

Wazee wakatazamana. "Waligawanywa."

"Basi mmoja arudishwe."

"Kilichogawanywa ni cha aliyepewa," akasema mmoja. "Akitoa wa kwake, anakuwa ng'ombe wa kwake, si wa marehemu. Hatafuta machozi."

Baba Mapacha alikuwa amesimama kwenye magongo yake wakati wote huo. Hakuna aliyempa kigoda, na mimi nilikuwa nimeketi. Shangazi yake, yule aliyekaa na mapacha, akamkaribia. Aliyashika mashavu yake kwa mikono miwili, akilia kwa kweli.

"Mwanangu, tulikulilia vizuri. Walikuja watu mpaka wa ng'ambo ya mto. Sasa ukianza kufa tena, nani atakuja?"

"Shangazi, sijafa hata mara moja."

"Najua," akasema. "Najua, baba. Lakini sisi tumechoka."

Mama Mapacha alitoka katika nyumba ya kaka mkubwa. Nywele zake zilikuwa zimeota fupi, kama nyasi baada ya moto. Alipiga magoti kumwamkia mumewe, watu wakaangalia pembeni.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umenyolewa."

"Nilikataa. Walinishika, mmoja huku, mmoja huku. Niliwaambia nimemwacha anapumua. Wakasema mjane huwa anasema hivyo."

"Twende."

Akageuza kichwa kuwatazama watoto wake wawili, ambao shangazi alikuwa amewarudisha nyuma ya sketi yake. Kaka akasema, bila kupandisha sauti, "Yeye hatumzuii. Watoto ni wa zizi hili."

Mama Mapacha akabaki pale pale alipopiga magoti. Baadaye akaingia ndani akatoka na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akakiweka garini kwenye kiti, nasi tukaondoka bila yeye. Kule Uingereza walinifundisha kwamba familia ndiyo dawa ya kwanza ya mgonjwa wa kansa. Kuna sura nzima juu ya jambo hilo, na niliijibu vizuri katika mtihani. Nawashauri walioiandika wapite Kagongwa.

Nilipeleka shauri kwa mtemi. Mtemi akasema ni mambo ya ukoo. Nikalipeleka boma. Bwana DC akasema ni mambo ya mila, na mila za wenyeji serikali inaziheshimu. Tangu siku hiyo, nikisikia mkubwa anasema anaheshimu kitu, natazama ni nani anayelala nje.

Baba Mapacha akakaa kwenye chumba cha stoo cha jumba la maendeleo, pamoja na nyavu za mpira na bendera za sikukuu. Alishona katambuga barazani. Alikuwa fundi mzuri, na watu walimpenda, lakini kicheko kilichofika mtaa wa Wahindi hakikufika tena. Dereva mmoja wa lori la pamba, aliyepita Kagongwa kila alipokwenda kuchukua mzigo, alimletea mara kwa mara michembe kutoka kwa mtu ambaye hakumtaja. Baba Mapacha aliila yote peke yake. Ndicho kitu pekee ambacho hakugawa.

Kisha uvimbe ukatokea kwenye kinena. Aliuona yeye kabla ya daktari, na akanionyesha mimi kabla ya daktari.

"Ndio uliosema?"

"Ndio."

"Umepanda."

"Umepanda."

Daktari alisema hakuna cha kukata tena. Alitoa dawa za maumivu kidogo kidogo kama mtu anayetoa sadaka, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwepo, akaosha mikono yake. Nami nikaanza kazi yangu, kama bibi yule alivyosema. Nilimhamishia kitanda kwenye chumba chenye dirisha. Niliwaambia vijana wa mpira waingie wamsimulie mchezo. Uvimbe ulipopasuka, nilimtafutia mwanamke wa kufua matambara yake, na mwanamke huyo alipokataa kwa sababu ya harufu, niliyafua mwenyewe, mwenye diploma, nyuma ya jumba la maendeleo, mchana, kila mtu akiona. Karani mmoja wa boma akapita akasema, "Kumbe ndiyo mliyosomea Ulaya." Nikamwambia ndiyo, na yeye hata akisoma hatayaweza. Niliketi na mtu yule kila siku. Sijui afisa mwingine katika wilaya ile aliyewahi kuketi na mtu asiyeweza kumpa chochote.

Siku moja akaniambia, "Nikimaliza, usinipeleke zizini."

"Ni haki yako. Nitawapeleka mahakamani."

"Kule yupo mtu tayari. Nitalala wapi, juu yake? Nizike hapa hapa mjini." Akapumzika kidogo. "Ila Mama Mapacha ajue. Si wao. Yeye."

Alikufa asubuhi, vijana wakiwa uwanjani. Nilimtuma dereva wa lori apeleke habari, nikamsisitizia amwambie Mama Mapacha mwenyewe, sikioni kama ingewezekana. Lakini joto la kwetu halisubiri mtu, na maiti yake haikuwa ya kusubiri. Tulimzika siku ile ile kwenye makaburi ya mji. Tulikuwa mimi, daktari, dresa, seremala aliyechonga magongo, mzee wa katambuga, na vijana wa mpira wakiwa bado na vumbi miguuni. Seremala alichonga jeneza la urefu wa kawaida. Upande mmoja ulibaki mtupu, tukaweka magongo hapo.

Siku iliyofuata lori la pamba lilisimama mbele ya jumba la maendeleo, akashuka Mama Mapacha. Hakuwa na mzigo. Nilitaka kumwambia tulivyosubiri na kwa nini hatukuweza, akanionyesha kwa mkono ninyamaze. "Nipeleke," akasema.

Njiani aliniuliza kama nina wembe. Nilikuwa na mashine ya kunyolea niliyoinunua London, ya chuma cheupe, nyembe zake zikifungwa kwenye karatasi ya samawati, na nilijivunia sana. Tukapita nyumbani kwangu nikachukua wembe mpya. Kaburini aliuliza kichwa kiko upande gani, akaketi hapo chini kwenye udongo mbichi. Nami nikaketi. Akaanza kunyoa, kavu, bila maji wala sabuni, akishusha nywele mapajani.

Alikuwa amefika nusu ya kichwa kaka mkubwa alipotokea na baiskeli yake, ametota jasho. Alikuwa amemfuata njia nzima, lori likisimama kila ghala kupakia pamba. Hakuingia makaburini. Alisimama barabarani, ameshika usukani, akaniamkia mimi kwanza, kama kawaida yake. Kisha akamwita mwanamke.

"Ondoka hapo. Watu watasema nini? Unamnyolea nani? Marehemu tulikwisha mnyolea."

Mama Mapacha hakugeuka. Alipitisha wembe tena, polepole, kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma, akaufuta kwa kidole.

"Siku ile," akasema, "tuliunyolea mguu."